Mdomo wa Pini Saba

Hata mama mkwe wake alikuwa akimwita Pini Saba, basi ujue jina lilishakolea. Fundi yule akichuchumaa mbele ya mteja kupima pindo, hubana pini saba midomoni, upande wa kushoto, na huku anachomoa moja moja anakusimulia nani kaachika, nani kahama, nani karudiana na nani. Na kila neno unalisikia! Chumba chake cha cherehani hakikosi watu. Wengine hawana hata kitambaa cha kushona, wamefuata habari tu.

Sasa shavu la kushoto likamvimba kama ameficha limau ndani. Akasukutua maji ya chumvi, akabana karafuu, wiki ya kwanza, ya pili. Wiki ya tatu akaanza kunyamaza, na hapo ndipo watu walipojua kwamba maradhi ni makubwa.

Wifi yake, dada wa mumewe, ndiye aliyemkokota kwa daktari wa meno. Wifi naye alikuwa na lake. Baada ya miaka tisa ya ujane alikuwa anaolewa tena, harusi ilibaki mwezi mmoja, na gauni lilikuwa bado vipande vipande juu ya meza ya fundi.

"Twende," alisema. "Mimi sitaki kuolewa nimevaa gauni la mkono mmoja."

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole. Akaipachika picha ya taya kwenye ubao wa taa.

"Hili gego la mwisho, mama, halikusimama. Limelala, linamsukuma mwenzake. Tusipolitoa, usaha utarudi kila mara. Ila tazama hapa." Ncha ya kalamu ikafuata mstari mmoja chini ya mzizi. "Hapa unapita mshipa wa fahamu, ndio unaoleta hisia kwenye mdomo wa chini. Mzizi umeulalia. Nitakwenda taratibu, lakini mdomo unaweza kubaki na ganzi. Wengi hupona baada ya wiki, au miezi. Wachache hawaponi."

"Mdomo upande upi?"

"Kushoto."

"Upande wa pini!" Wifi akadakia.

Ikabidi daktari aelezwe. Akamwangalia mgonjwa wake juu mpaka chini. "Pini? Mdomoni? Na ukipiga chafya?"

"Miaka ishirini na miwili sijameza hata moja," alisema Pini Saba. "Huu mdomo ni mkono wangu wa tatu, mwanangu. Ukifa huu, mimi ni fundi kilema."

"Mimi nataka gego tu, mama. Mkono sikuchukulii."

Akakubali, maana usiku hakuwa akilala tena. Akachomwa sindano mbili. Maumivu hakuyasikia, ila mlio aliusikia, kama mtu anavunja muwa ndani ya kichwa chake. Koleo likapita mbele ya macho yake na kipande, likarudi, likapita na kingine. Wifi, aliyeapa kwamba atamshika mkono mpaka mwisho, alikuwa keshakimbilia nje zamani.

Nyumbani walijaa. Daktari alikuwa amekataza maneno siku mbili, basi majirani wakakaa kwenye viti, kwenye mkeka, kwenye kingo za kitanda, wakamsengenya yeye mwenyewe mbele ya macho yake, kwa raha zao, maana nafasi kama hiyo hawakuwahi kuipata. Pini Saba akawatolea macho tu.

Jioni ulimi ukazinduka. Kisha shavu. Mdomo wa chini, nusu ya kushoto, kimya. Chai ilimtiririka kidevuni, asijue mpaka Wifi alipomfuta.

Siku ya tano akajifungia peke yake, akasimama mbele ya kioo, akabana pini saba. Alipoinua kichwa zikaanza kudondoka sakafuni, ti, ti, ti. Ikabaki moja. Akaifurahia, mpaka alipotazama vizuri: ilikuwa imemchoma, na tone la damu linateremka. Hakusikia kitu.

Wifi alimkuta amekaa juu ya rundo la vitambaa.

"Lipeleke gauni kwa fundi mwingine, wifi yangu. Usije ukaaibika siku yako."

"Fundi mwingine anakijua kiuno changu? Unacho kile kimto cha pini cha kuvaa mkononi. Kivae."

"Kile ni cha wanaojifunza."

"Basi jifunze. Mimi mwenyewe, na uzee huu, najifunza tena kuwa mke!"

Pini Saba akataka kucheka, mdomo ukaenda upande.

Siku ya kutoa nyuzi alizoshonwa fizi, daktari alimwambia afumbe macho. "Nikikugusa, sema."

"Umegusa."

"Bado."

"Hapo sasa, umegusa."

"Mama, nimesimama mlangoni."

Basi akarudi kitini kwake, akachukua kijiti chenye ncha na kalamu. Akamgusa polepole kutoka upande mzima kuelekea upande wenye ganzi, na kila hisia ilipokatikia akaweka alama, mpaka kidevu kikawa na mstari. "Huu ndio mpaka," alisema. "Ukisogea, mshipa unapona. Uwe unaupima."

Kupima! Hapo angalau daktari alizungumza na mtu wa kazi hiyo. Toka siku ile, kila asubuhi Pini Saba alijigusa kwa ncha ya sindano, akajichora kidevuni kwa chaki ya kushonea, akapima kwa futi ya kitambaa. Inchi mbili kasoro robo. Kesho yake, vilevile. Wiki nzima, vilevile. Wateja waliingia na swali moja, "Mpaka umeamkaje?" na yeye akajibu, "Umelala," akavuta kimto mkononi, akafumua pindo alilokosea jana.

Wiki iliyofuata mdomo ukaanza kuwasha kama unatambaliwa na sisimizi. Akapima: inchi moja na nusu. Akapima tena. Akamwita Wifi naye apime; yake ikatoka fupi zaidi.

"Wifi, mbona umeinyoosha futi?"

"Sijainyoosha, ni macho yako!"

Zikabaki siku tatu kabla ya harusi. Gauni limesimama, Wifi kalivaa kwa mara ya mwisho, zipu bado haijafungwa, ubavu wote pini. Chumba kimefurika. Mmoja wa majirani akaingia anahema: bwana harusi kaonekana kwa kinyozi, kapaka nywele rangi.

"Wee!" Pini Saba akapaza sauti. Na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa kwenye zipu na mwingine una pini, ile pini akaibana mdomoni, kushoto, bila hata kufikiri.

"Aiii!"

Wote wakamgeukia.

"Umeumia?" Wifi akauliza.

"Nimeumia!" Akaitoa, akajichoma tena makusudi. "Wifi, nimeumia! Inauma kweli kweli!"

"Sasa mbona unacheka?" Ndipo Wifi akaelewa. Akamrukia kumkumbatia, na pini zote za ubavuni zikamkumbuka. "Uwii! Na mimi naumia!"

Walipomaliza kupiga vigelegele, chaki ikaletwa. Chini ya pembe ya mdomo palibaki kiraka cha ganzi, ukubwa wa kifungo cha shati. Pini Saba akakizungushia duara, akakitazama kwenye kioo, akakikonyeza.

Kisha akachuchumaa kwenye pindo. Akachukua pini moja, akaibana. Ya pili. Ya tatu. Akasubiri. Zikatulia.

"Kwa leo niiteni Pini Tatu," alisema kupitia midomo iliyobana, na kila neno lilisikika. "Haya, jirani, hebu tuambie. Kapaka rangi gani?"