Sweta la Nesi

Matone yalikuwa maji matupu. Bwana Nukta aliyachemsha mwenyewe wakati mkewe akioga, akayapoza, akayatia ndani ya kichupa cha dawa ya macho, kisha akakirudisha kichupa juu ya kabati pale pale kilipokaa siku zote, karatasi yake ikitazama ukutani. Na kila jioni kabla ya chakula mkewe alimwita, "Bwana Nukta, njoo nikutie dawa," naye akaketi kwenye kigoda mbele yake, akainua uso, akafumbua macho. Mkono wa mkewe ulikuwa mkavu na imara, mkono wa mshonaji. Ulimshika kidevu, ukamvuta kope taratibu, ukadondosha. Tone moja kulia, tone moja kushoto. Kisha mkewe alimpuliza kidogo usoni, kama mtu apulizavyo kidonda cha mtoto.

"Inauma?"

"Kidogo."

Iliuma kweli, ila si machoni.

Jina la Bwana Nukta alipewa katika kiwanda cha kupigia chapa, alikokuwa msahihishaji wa chapa kwa miaka thelathini na minne. Alianza kwa kufagia sakafu ya kiwanda hicho hicho, akasoma shule ya jioni kwa miaka saba, mpaka siku moja akamwonyesha msimamizi kosa katika ukurasa uliokwisha kupitiwa na watu watatu wenye vyeti. Tangu siku hiyo fagio lilipewa mtu mwingine. Hakuna alichojivunia kuliko hicho. Hata sasa, mstaafu mwenye mvi hadi kwenye nyusi, hakuweza kusoma tangazo lililobandikwa ukutani bila kutoa kalamu mfukoni. Na mtu huyu ambaye hakuacha kosa lipite alikuwa akiishi ndani ya kosa lake mwenyewe kila Alhamisi.

Zamani Alhamisi ilikuwa yao wote wawili. Walipanda treni ya asubuhi kwenda jijini, wakala chakula cha mchana, wakaingia kwenye ukumbi wa michezo kwa onyesho la saa nane, wakiketi viti vya nyuma kabisa ambako hata kukohoa kwa waigizaji kulifika kumechoka. Mkewe hakuwa mtazamaji wa kunyamaza. Mwovu akitia sumu kwenye kikombe, yeye alinyanyuka. "Usinywe, mwanangu! Usinywe!" Watu waligeuka, wakacheka, na yeye Bwana Nukta alijificha nyuma ya karatasi ya mchezo kwa aibu iliyochanganyika na furaha.

Kisha mguu ukaharibika. Kidonda kidogo juu ya kifundo, kisichopona wala kukauka, kikamfungia nyumbani mwaka wa tatu sasa. Hospitali hakutaka kuisikia. Alikwenda mara moja tu, nesi mmoja akamfokea mbele ya foleni nzima kwamba bendeji yake ni chafu na ananuka. Alirudi nyumbani, akaitundika kanga ya kutokea msumarini. "Bora nioze na heshima yangu," alisema. Kuhusu mchezo alisema, "Tulikwenda wawili, na tuache wawili." Mumewe aliweka mkono kifuani na kukubali. Alikubali kwa sauti kubwa, kama mtu anayejisikiliza.

Alhamisi ya kwanza ya kosa lake hakuipanga. Alikwenda kweli kliniki ya macho, na alipokuwa akitoka getini akakutana na Mpanga Herufi, rafiki yake wa kiwandani, mtu mfupi mwenye vidole vilivyobaki vyeusi kwa wino hata baada ya miaka kumi ya kustaafu.

"Macho yamepona?"

"Yanapona."

"Basi twende tukayajaribu. Mwalimu anatungoja ukumbini, ana tiketi ya ziada."

Jioni alimwambia mkewe foleni ilikuwa ndefu. Lilikuwa neno dogo, likapita kama herufi iliyogeuzwa inavyoweza kupita. Mwezi wa pili daktari alimwambia macho yamepona, asirudi. Yeye akaendelea kurudi.

Ukweli lazima usemwe: alizipenda Alhamisi zile. Alipenda mgahawa ulio nyuma ya ukumbi, meza yao ya dirishani, samaki wa kukaanga na ndimu, ubishi wa Mwalimu aliyefundisha jiografia maisha yake yote na bado akapotea njia ya msalani. Alipenda zaidi ule muda mfupi taa zinapozimwa, watu wanaponyamaza pamoja, na kiti cha mbele yake kinapotoa mlio mmoja wa mwisho. Hapo alisahau umri. Aliporudi kwenye treni alikuwa mwepesi mpaka kituo cha tatu kutoka nyumbani. Kutoka hapo hatia ilipanda na abiria wengine na kukaa karibu naye.

Nesi alizaliwa kwa swali moja. "Nani aliyekuhudumia leo?" mkewe aliuliza jioni moja, kichupa mkononi. Bwana Nukta alikuwa ametoka kumtazama mwigizaji mmoja mrefu, mwembamba, aliyecheza mjane anayewalea watoto wa adui yake. Ulimi ukamtangulia.

"Nesi mmoja. Mrefu. Ana sauti ya pole, utadhani anazungumza na mtu aliyelala."

"Alikwambiaje?"

Alikumbuka maneno ya mjane yule jukwaani. "Aliniambia, 'Kaa, mzee. Hapa hakuna mtu anayekuhesabia muda.'"

Mkewe alishusha kichupa. "Kumbe wapo," alisema.

Basi kila Alhamisi nesi alikua. Alipata ucheshi kutoka mchezo mmoja, huzuni kutoka mwingine. Mkewe alianza kumtumia zawadi. Kwanza biskuti za tangawizi ndani ya kopo. Bwana Nukta alizibeba hadi mgahawani, na kwa kuwa hakujua la kufanya, akazifungua mezani.

"Mpe salamu nesi wetu," Mpanga Herufi alisema, mdomo umejaa. "Mwambie mkono wa shemeji haujazeeka."

"Wewe cheka tu," Mwalimu alisema. "Siku moja nesi huyu atadai mshahara. Bwana Nukta, mwambie shemeji ukweli. Mama yule si mtu wa kukunyima mchezo."

"Najua."

"Sasa?"

"Ndiyo maana siwezi." Akalifunika kopo. Kama mkewe angemkataza, yeye angeweza kumkasirikia, na hasira ingempa nafuu.

Halafu likaja sweta. Mguu ulikuwa umemzuia mkewe kukanyaga cherehani, nayo ikakaa dirishani chini ya kitambaa, redio juu yake. Badala ya kushona sasa alifuma. "Wanaoingia zamu ya alfajiri hupigwa na baridi," alisema. "Nipatie vipimo vyake." Bwana Nukta alijaribu kukwepa. Mkewe alimtazama juu ya miwani. "Mtu aliyepima mistari kwa jicho miaka yote hiyo hawezi kunipimia bega?"

Alhamisi iliyofuata, onyesho lilipokwisha, mwigizaji yule alisimama mlangoni kuwaaga watazamaji. Bwana Nukta alipita karibu, akalinganisha bega la mwigizaji na sikio lake mwenyewe, urefu wa mkono wake na mwavuli wake. Aliona haya kama mwizi. Lakini jicho lake halikukosea hata nusu inchi.

Sweta lilikamilika baada ya wiki tano, rangi ya buluu, mabega membamba, mikono mirefu. Mkewe alilikunja juu ya mapaja, akalaza kiganja juu yake.

"Nimeamua," alisema. "Alhamisi tunakwenda wote."

"Wapi?"

"Kwa nesi wako. Usinitumbulie macho, dawa bado haijakauka. Uvimbe wa mguu huu umeanza kunipanda gotini, Bwana Nukta. Sikukwambia. Usiku nauma mto. Kama yupo mtu wa namna ile, nitamwonyesha. Yeye tu."

Aliinua upindo wa gauni. Ngozi juu ya bendeji ilikuwa nyekundu, imevimba, inang'aa. Bwana Nukta aliiona na akajua, kwa jicho lile lile lisilokosea, kwamba hapana tena muda wa kusahihisha taratibu. Akimwambia ukweli sasa, ataikunja kanga yake na kuuma mto mpaka mwisho. Asipomwambia, atamfikisha mlangoni mwa mtu asiyekuwepo.

Ndani ya treni alitunga njia ya kuponyokea. Atasema nesi amehamishwa. Neno moja tu, *amehamishwa*, safi, halina mkwaruzo. Alilirudia kimoyomoyo stesheni baada ya stesheni. Mkewe aliketi dirishani, mguu juu ya mfuko wa nguo, sweta kifuani ndani ya karatasi ya zawadi, akitazama nje kama msichana.

"Jengo lile jipya," alisema. "Mbona hukuwahi kuniambia wamejenga?"

Kulikuwa na mengi jijini ambayo hakuwahi kumwambia.

Kliniki ya macho ilikuwa mwisho wa korido ndefu ya hospitali, iliyopakwa rangi ya kijani nusu ukuta. Walikwenda hatua kumi, wakapumzika, hatua kumi tena. Walipofika kwenye benchi Bwana Nukta alivuta pumzi alitoe lile neno, na mlango ukafunguliwa. Akatoka nesi mfupi, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na kalamu mbili kichwani.

"Ah! Mzee wa kusahihisha!" alisema kwa sauti ya sokoni. "Lile tangazo letu la ukutani tulilibadilisha, ulisema kweli, lilikuwa na makosa manne. Karibu mama. Huyu ndiye mama?"

Mkewe aliangaza uso mzima. Alimtazama nesi, akamtazama mumewe, akaichana karatasi kwa haraka ya mtoto. "Nimekufumia, mwanangu. Kwa mema yako yote. Jaribu."

"Mimi?" Nesi alishangaa, akacheka, akaingiza mkono mmoja. Sweta lilikwama kwenye kiwiko. Mkono wa pili haukupita kabisa, na ncha za mikono ya sweta zilining'inia chini ya vidole vyake. "Mama, hili limepimiwa twiga!"

Mkewe hakucheka. Alinyoosha mkono, akaushika mshono wa bega, akaufuata kwa kidole gumba kutoka shingoni hadi mwisho. Miaka arobaini ya ushonaji ilikuwa kwenye kidole hicho.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukimhudumia kila Alhamisi?"

"Kila Alhamisi?" Nesi alivua sweta taratibu. "Lakini mzee tulimruhusu tangu mwezi wa pili, mama. Macho yake mazima. Hata dawa tulimwachisha."

Sasa ulikuwa mwezi wa tisa.

Bwana Nukta alifungua kinywa. Lile neno alilolisuka njia nzima lilikuwa pale, juu ya ulimi, halifai kitu. Mkewe hakumgeukia. Alitazama mikono yake mwenyewe, vidole viwili vya mkono wa kulia vikigusana kama vinavyobana kichupa. Kisha akashika ukingo wa benchi, akaanza kujiinua, na uso wake ulielekea kule walikotoka, kwenye korido ndefu na mlango wenye mwanga.

"Mke wangu," Bwana Nukta alisema. "Nimekudanganya. Hakuna nesi mrefu. Nilikuwa ukumbini, mchezoni, kila Alhamisi. Unikasirikie mimi. Mguu usiukasirikie."

Alisema hivyo mbele ya foleni, na watu walisikia. Mtu mmoja alikohoa. Mkewe alikuwa amesimama tayari, mguu mmoja tu chini, akitetemeka.

Nesi mnene alishuka kwa magoti juu ya sakafu kwa kishindo, akaupokea ule mguu mwingine kwa viganja viwili kabla haujagusa chini. Aliifungua bendeji. Harufu ilitoka, na foleni ikaisikia. Mkewe alifumba macho akingoja kufokewa.

"Hii bendeji umeifunga mwenyewe?" nesi aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Mafundo mazuri hivi? Kumbe fundi. Mimi ni wa macho, mama, lakini nitakusukuma kwa kiti mpaka chumba cha vidonda, na sitaondoka mpaka waanze."

Kiti cha magurudumu kililetwa. Mkewe aliketi. Alilichukua sweta kutoka benchini, akalikunja mara mbili, akaziingiza ndani ncha za mikono kama afanyavyo kwa kazi ya mteja, akalielekeza kwa mumewe bila kumwangalia.

"Huyu nitamfumia jingine," alisema. "Hili mpelekee mwenyewe, yule uliyempima."

Wakaenda. Bwana Nukta alifuata nyuma mpaka mlango wa chumba cha vidonda ukafungwa mbele yake. Saa ya ukutani ilisema saa saba na nusu. Wakati huo Mpanga Herufi alikuwa anaweka kofia juu ya kiti cha Bwana Nukta ili mtu asikikalie, na Mwalimu alikuwa anaagiza sahani tatu. Kutoka hospitali hadi ukumbini ni mwendo wa dakika kumi na mbili. Aliujua kwa hatua. Aliketi. Sweta lilikuwa mapajani, zito kuliko uzi wake. Kwenye ukuta wa pili palikuwa na tangazo lenye kosa mstari wa tatu. Aliliona, na kalamu ilibaki mfukoni.

Ndani alisikia chuma kikigonga bakuli, sauti ya daktari, kisha mkewe akiguna, mguno mfupi anaoujua, wa kukata uzi kwa meno. Mlango ukafunguka kiasi cha kichwa kimoja, na nesi mnene akachungulia.

"Mzee. Mama anasema uje umshike mkono."

Alisimama haraka, sweta likaanguka.

"Na anasema usiongee."

Aliingia. Mkewe alikuwa amelala, uso umegeukia ukutani, mkono mmoja umenyooshwa ukingoni mwa kitanda, kiganja wazi. Bwana Nukta aliushika kwa mikono yake yote miwili. Ulikuwa mkavu na imara kama jana, na mara daktari alipoanza tena, ulimbana hadi mifupa. Hakusema kitu. Machozi yalimjaa, moja kulia, moja kushoto, na hapakuwa na wa kumpuliza.