Bata wa Lori la Mwisho

Nguchiro alimnyakua bata jike kwenye kiota, mayai akayaacha. Artika aliyakuta bado yana joto. Alikuwa ameolewa hapo Labasa, Fiji, miezi michache tu, akitokea mji mkuu, Suva, na mambo ya shamba hakuyajua mbele wala nyuma. Hata hivyo aliyapakata kwenye mtandio wake wa njano, akaenda kumwekea kuku aliyekuwa anaatamia nyuma ya jiko.

Mama mkwe wake, Dhanmati, alimtazama na asiseme neno. Mama yule alikuwa na ulimi mkali, lakini akinyamaza ndipo alipouma zaidi.

Kuku ana siku zake na bata ana zake, na za bata ni nyingi. Siku zake zilipotimia, kuku aliinuka, akajikung'uta, akaenda zake kuchakura. Artika akadhani mayai ni viza, akawa anayapeleka shimoni. Dhanmati akamsimamisha.

"Umembebesha kuku mimba ya bata, bi harusi," alisema. "Sasa atamalizia nani?"

Alimalizia Artika. Aliyaweka kwenye boksi la pumba za mpunga kando ya jiko la kuni, akawa anayageuza na kuyanyunyizia maji ya uvuguvugu. Maganda yalipoanza kupasuka, mikono ilimwasha. Alitaka kuyabandua awatoe wale viumbe wapumzike. Dhanmati akampiga kibao cha vidole, akamwambia amwache kifaranga ajitoe mwenyewe, akimharakisha atamtoa damu. Walikaa pale sakafuni, mtu na mkwewe, hata chakula cha mchana kikachelewa. Walitoka vifaranga saba.

Kifaranga wa bata asiye na mama huloa upesi, kwa hiyo kila walipotoka kwenye beseni Artika aliwafuta kwa ule mtandio mmoja mmoja. Aliwalisha chenga za mchele zilizolowekwa. Akigonga sahani ya bati walimjia mbio, wakikanyagana, na kwa mtu mwingine hawakwenda. Baba mkwe wake, mzee Jagdishwar, aliwatangazia majirani kwamba mke wa mwanawe Vimlesh amejifungua saba kwa mpigo, na wote wamechukua miguu ya baba yao.

Artika alicheka pamoja nao. Lakini alijua bata wale ni wa nini. Katika nyumba ile, lori la mwisho la miwa ya msimu likishaondoka, wakata miwa hulishwa mchuzi wa bata, na wanaume ndio huupika, uani. Bata wa kununua ni aibu. Na aliyewalea ndiye huwaita waje kuchinjwa, kwa sababu, alivyoshikilia mzee Jagdishwar, bata aliyekimbizwa nyama yake huwa ngumu.

"Mchuzi nitakula, na masufuria nitaosha," Artika alimwambia mumewe. "Ila kuwaita siwezi, Vimlesh. Wataniamini."

Vimlesh alitaka kucheka, akamwona uso, akaacha. Akamshauri azungumze na Mama. Artika hakuthubutu. Alikwisha kuitwa mtoto wa mjini vya kutosha.

Siku ikafika. Lori liliondoka likiyumba, wanaume wakawasha moto na kunoa visu. Mzee Jagdishwar akamwita mkwewe awalete bata. Artika aliichukua sahani, akapiga moyo konde, akafika mlangoni. Akasimama hapo hapo.

Dhanmati akatokea jikoni akifuta mikono.

"Chumvi imeisha. Nenda dukani."

"Sasa hivi, Mama?"

"Unataka wale mchuzi chapwa? Nenda. Na mtandio niachie, umechafuka, niuloweke."

Artika akavua mtandio, akauacha pamoja na sahani. Duka lilikuwa mbali, ng'ambo ya daraja. Alikuwa hajamaliza kulipita shamba la kwanza la miwa aliposikia sahani ya bati ikigongwa nyumbani, taratibu, kama alivyoigonga yeye. Alisimama katikati ya njia mpaka ikanyamaza, ndipo akaendelea. Alilia kidogo, na hakuona haya, maana hapakuwa na mtu.

Aliporudi, harufu ya bizari ilikuwa imeshatapakaa uani na wanaume wanapiga soga. Mtandio wake wa njano ulikuwa kwenye kamba, umefuliwa, unachuruzika maji. Aliingia jikoni kumimina chumvi kwenye kopo. Kopo lilikuwa limejaa hadi mdomoni.

Artika akabaki ameshika pakiti. Dhanmati alikuwa kwenye kigoda anamenya vitunguu saumu, na hakuinua kichwa.

"Iweke hapo. Chumvi haiozi."

Artika akaiweka, akavuta kigoda, akachukua kisu naye akaanza kumenya. Walimenya mpaka bakuli likakaribia kujaa.

"Mwaka wangu wa kwanza hapa, bata wangu niliwaita mwenyewe," alisema Dhanmati. "Walikuja wote."