Udongo wa Jairus

Watoto waliokuwa karibu na kaburi ndio walioanza kukohoa. Watu wazima walitokwa machozi tu, na katika mazishi nani angetofautisha chozi la gesi na chozi la msiba? Chepkurui, wa kikosi cha uokoaji, aliweza. Aliteremka mbio kati ya michai, mtungi wa hewa mgongoni, macho kwenye kifaa cha kupima gesi kilichotoshana na simu. Namba ilikuwa inapanda. Kwenye ramani yake, wingu jekundu la amonia lilitoka kiwanda cha maziwa kule juu, ambako mwenzake Nganga aling'ang'ana na bomba lililopasuka, likafuata bonde moja kwa moja hadi boma hili la Kiptere.

Aliwaambia wapande mlima wa pili mara moja. Jeneza lilikuwa limeshateremshwa, udongo haujarudishwa. Mzee mmoja alimkagua, kisha akakikagua kifaa.

"Madam, hako karedio kako kanatufukuza msibani kama nani?"

Wachache walicheka chini kwa chini. Kifaa kikaanza kulia, na cheko likakatika. Mchungaji alifunga Biblia, akina mama wakabeba watoto, vijana wakatupa sepetu, wote wakapanda wameziba pua kwa leso.

Bilhah, mama wa marehemu, hakusimama. Alikuwa amekaa juu ya rundo la udongo. Wanawe wawili walimshika mikono, akaikung'uta. Alisema hamwachi mtoto wake wazi kama shimo la takataka. Nao wakasema hawaendi bila yeye.

Chepkurui alikuwa amefunzwa kutobishana: kifaa kikisema watu waondoke, waondoke. Tangu alipomzika mumewe mwezi wa nane kule Silibwet, alikuwa amejificha ndani ya amri hiyo. Alitii namba, na hakuna aliyemuuliza zaidi. Sasa namba ilikuwa sahihi, lakini haikuwa na la kumwambia mwanamke huyu.

Alipiga magoti. "Mama, anaitwa nani?"

"Jairus."

"Mimi nina hewa yangu mgongoni. Nitabaki naye. Nitamfunika."

Bilhah alikohoa, akamtazama kwa macho mekundu. "Wewe umeshawahi kuzika?"

"Nimemzika mume wangu."

Mama akanyoosha mkono ili ainuliwe. "Usimtupie," alisema. "Mmwagie polepole. Anza na miguu."

Chepkurui alivaa barakoa, akamweleza Nganga kwa redio alipo, akawatazama wale watatu hadi walipovuka mstari wa juu wa michai. Kifaa kilikuwa bado kinalia. Alikizima sauti, akakilaza kwenye nyasi, akaokota sepetu.

Alianza na miguu. Hewa ya mtungini ingetosha kazi hiyo, mradi asilie. Alipofika kifuani, kioo cha barakoa kilikuwa kimeshajaa ukungu, naye akaendelea kwa kupapasa.