Alama Tisa na Majina ya Watu wa Nyumba

Selipher alikuwa anapiga kanzu pasi kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukizuia ukurasa wa katuni usijifunge. Shujaa alikuwa amezingirwa na mapepo. Alama ya Kijapani juu ya kichwa chake ilimaanisha ngao, ila herufi ndogo za pembeni zilitaka isomwe "mama". Msomaji wa Kijapani aliyapata yote mawili kwa pamoja. Tafsiri ya Kiingereza ilichagua moja, ikaeleza la pili mwisho wa kitabu. Selipher, aliyekuwa akimtafsiria rafiki yake Roseline kurasa mbili kila siku kwa simu, hakutaka kuacha lolote.

Jana, ili auelewe mchezo huo, alinakili alama tisa kwenye karatasi na kuzipa majina ya watu wa nyumba alimofanya kazi, akiyaandika pembeni. Hii isomwe Lujain. Hii isomwe Turki. Sasa alifungua daftari kuitafuta karatasi hiyo. Haikuwemo.

"Selipher! Taali! Njoo hapa!"

Madam alisimama mlangoni, karatasi ikining'inia kwenye ncha za vidole vyake.

"Ilikuwa ndani ya foronya ya Turki. Siku ya pili mtoto ana homa. Nini hii?"

Selipher alizikunja foronya jana, palepale mezani alipoandikia. "Ni Kijapani, madam. Cha katuni."

"Na jina la mwanangu? Hapa pameandikwa nini?"

Palikuwa pameandikwa moto. Aliichagua alama hiyo kwa sababu ilikuwa rahisi kuchora.

"Sijui, madam."

Akamwonyesha kitabu, akidhani kitamwokoa. "Binti yako Lujain ndiye aliyeniachia." Kikafunguka kwenye picha ya pepo lenye pembe. Madam akarudi nyuma akimtaja Mungu.

"Halas, basi. Lujain na Baba Turki wanarudi kutoka Jeddah kesho adhuhuri. Utamweleza Baba alama moja moja. Akiona ni sihiri, ni polisi."

Madam alipoondoka, Selipher alimpigia Roseline, mfanyakazi wa nyumba kama yeye kule mtaa wa Al-Safa, akamsimulia yote.

"Choma daftari sasa hivi!" Roseline alinong'ona. "Kuna dada hapa mtaani alikutwa na nywele kwenye bahasha. Mpaka leo hatujui yuko wapi. Na wewe na mbwembwe zako! Mimi nilitaka tu kujua nani ameshinda."

"Nikichoma, kesho nitamwonyesha nini?"

"Basi hiyo ya mtoto sema ni maua."

"Baba ana simu, Roseline. Atatafuta maana yake."

Alizima pasi, akachana ukurasa safi kwenye daftari. Alama ya kwanza: ukurasa wa kumi na mbili, maana yake, inavyosomwa, jina alilolipa na sababu. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu. Alirudia mistari ili isomeke.

Alama ya nne. Aliandika: moto. Akakata. Akakaa akiitazama ile nafasi, kisha akaandika tena, kwa herufi kubwa: moto. Chini yake: nilimwambia madam sijui, kwa kuwa niliogopa.

"Selipher! Maji baridi ya Turki, yalla, haraka!"

Akaiweka kalamu katikati ya daftari na kuinuka. Alama tano zilikuwa bado. Angeamka alfajiri kuzimalizia.