Mkurugenzi Ajifunza Kukaanga Mandazi

Mkurugenzi Zénon alikuwa na jibu la kila swali la nchi hii, isipokuwa bei ya maharage. Na mwaka ule wa tisini na nane, vita ikiwa milimani na vikwazo vikiwa mipakani, hilo ndilo swali lililomfuata mpaka mezani kwake, mtaa wa Mutanga Nord.

Lilikuja kwa faksi kutoka kwa shemeji yake Xavier, ambaye alihamia Kanada mwaka wa tisini na nne, wakati wenzake walikuwa bado wanazunguka kutafuta maiti za ndugu zao. Xavier aliandika kurasa nne kwa mkono, kwa herufi za mtu aliyekwisha shiba. Familia inayotaka kuhamia kule, alieleza, kwanza inaonyesha namna inavyoishi: kila mwezi kinaingia nini na kinatoka wapi, kinatumika nini, vinywa ni vingapi. Hawataki watu wa kuja kuwaelemea. Kila kichwa kinachoongezwa kinahitaji pesa zaidi za kuonyesha, na kila faranga iwe na karatasi yake. Maneno hayo ya mwisho aliyapigia mstari mara mbili.

Kabla hatujaendelea, tukumbushane jambo, maana watu wa mji huu husahaulishwa upesi. Wiki tatu kabla ya faksi ile, Zénon huyuhuyu alisimama kwenye uwanja wa shule, katika mkutano wa usalama wa mtaa, kipaza sauti mkononi, akawaambia wakazi kwamba anayefunga mizigo ni msaliti. Nchi si nyumba ya kupanga, alisema, huihami kwa sababu paa linavuja. Alipigiwa makofi. Mzee Térence, mwalimu mstaafu anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwa Zénon, alipiga makofi kuliko wote, kisha akarudi nyumbani akaisimamisha safari ya binti yake ya kwenda Kigoma. Binti bado yupo. Makofi pia tunayakumbuka.

Siku ya pili ya faksi, baada ya chakula cha mchana, Zénon na mkewe Daphrose walimwita mpishi wao sebuleni. Mathilde alidhani anaitwa kuondoa sahani. Akaambiwa aketi. Alikuwa amekifuta vumbi kiti kile kila siku kwa karibu miaka miwili, na hakuwahi kujua kwamba kinalia ukikikalia.

Mathilde alikuwa Mkongo wa Uvira. Alikimbia kwa miguu mwaka wa tisini na sita, akapita mpaka wa Gatumba na kitenge kimoja mwilini, na wiki ileile Daphrose akamwokota sokoni kama mtu anavyookota kitu kizuri kilichoanguka bei. Alipika, alifua, aliwalea watoto watatu wa nyumba ile mpaka wakawa hawali kwa mkono mwingine. Ndiyo maana Daphrose alimwahidi, mbele ya mume wake, kwamba siku wakienda wanakwenda naye. Ahadi ile ndiyo iliyokuwa mali yake Mathilde. Kila milio ya bunduki iliposhuka kutoka milimani, na kila askari aliposimama mbele yake kudai kitambulisho ambacho hana, alijiambia moyoni: Kanada. Hakujua hata iko upande gani, lakini alijua hakuna anayemjua huko, na hilo lilimtosha.

Basi Zénon akashika kalamu, akamuuliza maharage ni bei gani.

Hapo Mathilde ilibidi achague. Nyumba ile ilikuwa na bei mbili. Kulikuwa na bei ya soko, anayotaja muuzaji, na bei ya nyumba, anayotaja Mathilde akirudi na kikapu. Katikati ya hizo mbili ndipo alipoishi yeye, kwa sababu mshahara wake wa elfu nane ulipangwa na mtu aliyeamini kwamba wapishi hawanunui sabuni. Akataja bei ya nyumba: maharage mia tatu, sukari mia saba, na mafuta ya mawese akayapandisha mpaka Daphrose akamtazama. Wakaongeza karo za watoto, nyama, bia za wageni, gari, mlinzi, simu. Jumla ikatoka faranga laki nne na elfu mbili kwa mwezi. Mshahara wa mkurugenzi, wenye karatasi na muhuri, ulikuwa elfu tisini na tano.

Zénon akaitazama jumla kama mtu anayetazama mimba asiyoitarajia. Akamwambia Mathilde arudie, na safari hii aseme kweli.

Akasema kweli. Maharage mia mbili ishirini, sukari mia sita, na kadhalika. Jumla ikashuka mpaka laki tatu na elfu tisini. Ilikuwa bado mara nne ya mshahara, lakini mkurugenzi hakuliona hilo. Alichokiona ni zile faranga themanini kwa kilo. Akavua miwani. Akauliza wizi huu umeanza lini. Akasema kwamba nchi hii imekufa kwa sababu ya watu kama yeye, wanaokula kidogokidogo mahali walipoaminiwa, kama panya kwenye gunia. Alihutubia kwa muda mrefu, kwa sauti ileile ya uwanja wa shule.

Mathilde alimsikiliza mpaka akamaliza, mikono yake juu ya meza. Kisha akauliza kwa adabu kabisa:

«Patroni, na ile petroli ya mu garaji, niiweke ku mustari gani?»

Mapipa tisa yalikuwa kwenye garaji, yamefunikwa turubai. Zénon alikaa katika kamati ya kugawa bon, zile karatasi za kununulia petroli wakati wa vikwazo, na aliigawa vizuri sana: nusu iliwafikia waliostahili, nusu ilikuja kulala kwake na kuuzwa kwa kidumu, usiku, kwa bei inayomfanya hata askari aape. Pesa ile ndiyo iliyolipa nyama, bia na karo. Lakini ilikuwa pesa isiyo na karatasi, na Xavier alitaka karatasi.

Zénon akavaa miwani yake tena na kuhamia haraka kwenye swali la vinywa. Akaandika. Mathilde alisoma sekondari Uvira miaka minne, na aliweza kusoma Kifaransa hata kikiwa kichwa chini. Pale penye idadi ya watu, mkurugenzi aliandika tano.

Akahesabu kimoyomoyo. Baba, mama, watoto watatu. Akahesabu tena, kana kwamba watoto wangeweza kupungua. Kisha akauliza kama wamesahau mtu.

Daphrose akaanza kukunja kitambaa cha meza kilichokuwa tayari kimekunjwa. Akamweleza kwamba Xavier amesema kila kichwa kina bei yake. Si kwamba hawampendi.

«Tutakuita, Mathilde. Kwanza sisi tufike, kisha tutakuita.»

Neno hilo Mathilde alilisikia Uvira, kutoka kwa watu waliopanda lori likajaa. Akakusanya sahani, akatoka.

Alikwenda getini, kwenye meza yake. Kumbe faranga themanini za maharage hazikupotea zote kwenye sabuni. Zilinunua karai, unga wa ngano na mafuta, na sasa ni mwaka mmoja na nusu kila alfajiri Mathilde anakaanga mandazi mbele ya geti, anayauza na chai kwa askari wa doria, walinzi na wafanyakazi wanaoshuka mjini. Daphrose alimruhusu kwa sharti kwamba watoto wale bure. Na kila siku, mvua au risasi, alipita Hamimu wa zoni, mtoza ushuru mwenye begi begani, akapokea chake na kukata tiketi yenye muhuri. Mara moja tu, mwanzoni, Mathilde aliitupa tiketi baada ya kulipa. Siku hiyo ukaguzi ukapita, wakamwaga unga wake mtaroni na kumwambia mkimbizi hana mdomo. Tangu hapo hakutupa hata moja. Alizipanga kwenye kopo la maziwa ya unga, pamoja na leseni iliyoandikwa jina lake kamili, zikafika mia tano na zaidi.

Siku mbili Zénon alizunguka ndani ya nyumba na kalamu yake. Akiandika matumizi ya kweli, anaonekana mwizi. Akiandika matumizi ya mshahara, anaonekana maskini, na maskini hatakiwi kule. Alimpigia Xavier simu iliyokula mshahara wa Mathilde wa miezi miwili. Xavier akamuuliza swali moja tu: katika nyumba yote hiyo, hakuna hata mtu mmoja anayefanya kazi ya halali?

Ijumaa asubuhi Daphrose alikuwa dirishani Hamimu alipokata tiketi. Akaitazama ile karatasi ndogo ikihama kutoka begini mpaka koponi. Akamwita mumewe.

Mathilde akaitwa tena sebuleni, na safari hii kulikuwa na soda mezani, imefunguliwa, yake. Zénon alizungumza kwa upole mno. Alikuwa amefikiri, alisema, na ameona kwamba biashara ile ya getini kimsingi ni ya nyumba, maana geti ni la nyumba. Ingeandikwa tu kwamba ni ya Daphrose. Mathilde angekabidhi zile tiketi, basi.

Mathilde akanywa soda mpaka nusu. Akawakumbusha kwamba leseni ina jina, na kila tiketi ina namba ya leseni. Mwenye meza ni yeye. Kama meza inalisha familia, basi yeye ni wa familia. Akataka aandikwe. Kwa kalamu ya wino, si ya risasi, kabla kopo halijafunguka.

«Utaandikwa kama nani?» akauliza Zénon.

«Kama mupwa wako. Mutoto wa dada yako wa Uvira.»

«Mi sina dada Uvira.»

«Na petroli pia hauna.»

Akaandika. Sita. Mathilde, mpwa. Mkono wake ulibonyeza karatasi mpaka ikatoboka kidogo.

Kisha wakapanga hesabu upya, mshahara pamoja na mandazi, na matumizi yakabidi yatoshe humo. Hapo ndipo mtu angepaswa kuwepo aone. Nyama ikafutwa. Bia ikafutwa. Gari likawa miguu. Kwa muda wa robo saa, bila kuinuka kwenye kiti, mkurugenzi akala maharage mara mbili kwa siku, akavaa viatu vya mwaka juzi na kuwatia watoto viraka kwenye sare. Kwenye karatasi familia ile iliishi kama tulivyoishi sisi wengine wote, na Zénon, akisoma kwa sauti, aliona uchungu hata machozi yakamlengalenga. Aliuliza kama kweli kuna watu wanaoweza kuishi hivi. Mathilde akamjibu kwamba wapo, ila wanakufakufa.

Lakini kulikuwa na jambo lingine kwenye kurasa za Xavier: kule wanaweza kuhoji kila mtu peke yake, kuhusu kazi inayolisha nyumba. Mjomba asiyejua mandazi ya mpwa wake hujikwaa kwenye swali la kwanza. Mathilde akasema kwamba hilo halina shida, kesho ni Jumamosi.

Ndivyo Mutanga Nord ilivyoamka Jumamosi ile ikamkuta mkurugenzi getini, amevaa aproni ya mke wake yenye maua, akigeuza mandazi kwa waya wa mwavuli. Daphrose alikanda unga na pete zake zote vidoleni. Moshi uliwatoa machozi ambayo vita haikuwahi kuwatoa. Askari wa doria walisimama wakanunua mara mbili, si kwa njaa. Wafanyakazi walipita polepole. Mjini hapa kila mtu anajua kwamba tajiri haanzi kazi ya mikono asubuhi moja bila sababu, na sababu siku zile ilikuwa moja tu, ina mabawa na inaondokea uwanja wa ndege.

Saa mbili akaja Mzee Térence na kikapu chake. Akaomba mandazi manne. Zénon akayaokoa kwenye mafuta, mawili yameungua, akaanza kueleza kwamba anahamasisha vijana wa mtaa kuhusu kazi ndogondogo. Mzee akamsikiliza kama alivyomsikiliza uwanjani, kichwa kimeinama upande.

«Mukurugenzi,» akasema, «paa limeanza kuvuja lini?»

Zénon akainamia karai. Mzee akalipa faranga zake moja moja, akachagua yale mawili yaliyoungua na kuyarudisha kwenye sinia, akaomba mazuri.

«Ni ya binti yangu. Bado iko hapa. Tulikusikiliza.»

Akaenda zake, na waliokuwa karibu wakaangalia miguu yao. Zénon akamgeukia Mathilde na kunong'ona kwamba yatosha, watu wamekwisha jua, alete zile tiketi waingie ndani.

Mathilde alikuwa ameketi kwenye kigoda, kopo limebanwa kwapani, kifuniko bado kimefungwa. Hakuinuka.

«Unga kilo tano. Hamira vijiko ngapi?»

«Mathilde, watu wanatutazama.»

«Kule pia watakutazama. Vijiko ngapi?»

Mkurugenzi akafuta jasho kwa maua ya aproni. Akajaribu kumi. Askari mmoja, mwenye chai mkononi, akacheka puani.

«Apana,» akasema Mathilde, na kwa mara ya kwanza, mbele ya mtaa mzima, akamwita kwa cheo chake kipya cha ujomba. «Rudia, tonton.»