Daktari Aliyesema Jino Hujitibu

Persis, daktari wa meno mjini Nyamira, alikuwa na udhaifu aliokiri mwenyewe: akipewa kipaza sauti, hakujua breki iko wapi. Mwezi wa Februari redio moja ilimwalika azungumzie meno. Alikuwa ametoka kwenye warsha Nairobi siku tatu tu nyuma, basi akamwaga elimu yote. Alieleza kuwa chini ya gamba gumu la jino kuna dentini, na ndani yake zimehifadhiwa protini za ukuaji tangu jino lilipokuwa likiota. Uozo ukianza kuila dentini, protini hizo hufunguliwa na kuziamsha seli zilizo ndani ya jino, nazo seli hujenga dentini mpya.

"Kwa hiyo, wapendwa wasikilizaji," alimalizia kwa madaha, "jino hujitibu lenyewe!"

Wiki zilizofuata kliniki ilipoa. Persis hakushtuka, alijipongeza. Alimwambia mumewe, Jasper, kwamba watu sasa wanapiga mswaki kwa sababu yake. Jasper aliendelea kula.

Mwezi wa Mei akaingia Mzee Bosire, mwalimu mstaafu kutoka Nyakoe, shavu limefura utadhani amebana ndizi mdomoni.

"Pole, Mwalimu! Maumivu yalianza lini?"

"Machi."

"Sasa ulikuwa unangoja nini?"

Bosire akatoa daftari, akavaa miwani, akasoma polepole: "'Jino hujitibu lenyewe. Daktari Persis, redioni.' Nimelingoja, daktari. Nimeliongezea hata muda."

Persis alitamani sakafu immeze. Kumbe watu hawakuwa wakipiga mswaki. Walikaa nyumbani wakisubiri protini!

Picha ya eksirei ilionyesha gego moja limekufa ndani, limejaa usaha. La jirani lilikuwa na shimo refu, lakini lilipoguswa kwa kitu baridi Bosire aliruka. Lilikuwa hai. Hata hivyo mkono wa Persis ulitaka kuyang'oa yote mawili, mambo yaishe. Akajiuliza kama anatibu jino au anaficha ushahidi.

"Mwalimu, niliyosema ni kweli, ila nusu," akasema. "Jino hujijenga likiwa bado hai, na shimo likisafishwa na kuzibwa. Likiachwa wazi, uozo hulishinda mbio."

"Na hiyo nusu ya pili mbona hukuisema?"

"Muda uliniishia." Akasita. "Hapana. Nilinogewa na sauti yangu."

Bosire alicheka kadiri shavu lilivyomruhusu.

Gego lililokufa Persis aliling'oa. Shavu lilipopona, akasafisha lile la pili, akaacha tabaka jembamba la dentini karibu na nyama ya ndani, akaweka dawa ya kuziamsha seli, akaziba. Juma hilo hilo alirudi redioni bila kualikwa, akaomba dakika mbili za kujisahihisha. Kwa mara ya kwanza maishani, zilimtosha.

Agosti akapiga picha nyingine. Kati ya dawa na nyama ya jino palikuwa na ukanda mweupe wa dentini mpya. Persis aliukodolea macho kama mzazi anayesoma ripoti ya mwanawe.

"Mimi sioni kitu," Bosire alisema.

Persis akamwonyesha kwa ncha ya kalamu.

"Hako kastari?"

"Hako."

"Kazi ya miezi mitatu?"

"Na kamefanya haraka."

Bosire akafikiri. "Sasa naweza kula mahindi ya kuchoma?"

"Kwa upande huo, kula," Persis akajibu, akafunga mdomo kabla hajaongeza neno.