Teke la Gia ya Tatu

Gari lilianza kupiga teke Novemba, wakati wa mvua. Kaari alikuwa akitoka kazini Nkubu, gia ikijibadilisha kutoka ya pili kwenda ya tatu, akahisi kama mtu amelisukuma kwa nyuma. Alipomweleza mumewe, Kithinji hakuinua macho kutoka kwa simu.

"Ni mguu wako. Unakanyaga mafuta kama unaua nyoka."

Lakini asubuhi, likiwa baridi, gari lilikwenda vizuri. Likishapata joto, teke. Kithinji aliliendesha Jumapili hadi kanisani, hapo karibu tu, wala halikufanya lolote. "Umeona?" akasema mbele ya watoto. Tangu hapo Kaari akawa anaendesha kwa woga, akiusikiliza mguu wake kama mgonjwa.

Ikafika siku ya kumpeleka mama mkwe kliniki ya macho, Embu. Kithinji alikuwa na wanunuzi wa ndizi shambani. "Nenda pole pole tu," alisema.

Walikuwa wamevuka daraja la Nithi na kuanza kupanda mlima, injini ikanguruma ghafla bila kuvuta. Gari likasita, kisha likaanza kurudi nyuma. Kaari alikanyaga breki, akavuta na ya mkono. Nyuma yao lori la mchanga lilisimama karibu sana, hata akaona kwenye kioo mdomo wa dereva ukitukana.

"Pole, Mama," alisema. "Ni mguu wangu."

"Mguu gani? Macho yangu ni mabaya lakini masikio ninayo. Gari imeteleza yenyewe."

Dereva wa lori alishuka, akaacha kutukana alipomwona mama mzee, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Gari lilipopoa, likakubali kwenda. Walijikokota hadi Chuka, kwa fundi aliyeitwa Mbaka.

Mbaka aliunganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Haikuonyesha kosa. Akaacha injini ikinguruma, akachomoa kijiti cha oili ya gia, akakipangusa kwa kitambaa cheupe na kukinusa.

"Imeungua, madam. Na hii si oili yake. Nani alibadilisha?"

Kaari alikumbuka Kithinji akiwa chini ya gari kabla ya mvua, akatoka nje kupiga simu.

"Baba Mwenda, uliweka oili gani kwa gearbox?"

Kithinji alijibu kutoka shambani. "Ile ilibaki ya pikapu. Si oili ni oili? Hebu mpe mama simu."

Mama mkwe alikataa kuishika. "Mwambie nitamkuta nyumbani."

Oili ilipomwagwa, chembe za chuma zilimetameta ndani ya karai. Mbaka akaweka ile inayofaa.

"Itapona?" Kaari aliuliza.

"Nikisema ndiyo nitakuwa nakudanganya. Pleti za ndani zinazoshika gia zimelika. Inaweza kwenda mwaka, inaweza kukufia hata kesho. Usiibebeshe mzigo."

Saa ya kliniki ilikuwa imepita. Walirudi, na walipoufikia tena mlima wa Nithi, wa upande wa pili, Kaari alishusha gia mapema na kupanda taratibu, matatu zikimpita kwa honi. Gari lilitikisika kidogo, likashika. Mama mkwe alikuwa ameng'ang'ania dashibodi kwa mikono miwili mpaka Igoji.

Kithinji aliwangoja langoni.

"Bado inapiga?"

"Iendeshe mpaka Nithi," Kaari alimwambia akimpa funguo. "Panda ule mlima, halafu urudi uniambie."

Hakupanda. Alibaki amesimama kando ya gari, akitazama magurudumu. Mama yake alimpita bila kumsalimia, akaingia ndani akipapasa ukuta. Kaari alipopiga simu kliniki, aliambiwa nafasi nyingine ni mwezi wa pili. Alikaa jikoni bila kuwasha moto, mguu wake wa kulia ukicheza wenyewe, na kila alipouzuia ulianza upya.